Hedifoni zinanipa mziki mtamu kuliko spika za sebuleni, tatizo ni spika au ni chumba?

mtoto_wa_Ngamiani

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Naomba kueleweshwa na wanaojua mambo ya mziki wa nyumbani, sio wa ukumbini wala wa harusi, namaanisha ule mtu umekaa kwako umetulia unasikiliza.

Mie miaka yote msikilizaji wa hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio lote, za waya, nachomeka kwenye laptopu usiku naanza safari. Nazipenda kwakweli. Napata vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, napata mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaingia kwenye ubeti, yani kila kitu. Sasa mjomba wangu alikuwa baharia, kahamia Dar kwa watoto wake akaniachia amplifaya yake na spika mbili za mbao, zile zenye wufa (kile kikubwa cha besi) ya inchi sita na nusu chini na twita (kile kidogo cha sauti nyembamba) juu, vitu vya zamani lakini vizito haswa, ukibeba moja unajua umebeba kitu. Akaja jamaa wa mtaani akanifungia, akapitisha waya nyuma ya makochi, akaondoka. Spika zimekaa kwenye kabati la tivii, moja kulia moja kushoto.

Nikawasha Atomic Jazz, si unajua tena bendi ya nyumbani hapa Tanga. Sauti ipo, tena kubwa tu, magitaa yanalia, lakini besi haipo jamani. Lile gitaa la besi ambalo kwenye hedifoni nalisikia linatembea noti moja moja, hapa limekuwa jembamba halina mwili. Na mwimbaji hajulikani kasimama wapi, mara yuko ukutani kulia mara kama yuko kisogoni kwangu. Cha ajabu nikitoka kwenda uani ndo besi naisikia zaidi kidogo kuliko nilipokuwa nimekaa kwenye kochi.

Washkaji wananiambia hizo spika muda wake umeisha uza, siku hizi mambo ni hedifoni. Lakini mie natamani mziki ambao na mke wangu anausikia, na mgeni akija anausikia. Je ni kweli spika haziwezi kuifikia hedifoni au kuna kitu hakijakaa sawa? Chumba changu urefu kama mita tatu na nusu, nyumba yetu ya zamani Ngamiani, sakafu ya saruji, bati juu, dari hakuna.

Nawasilisha.

Kipanga_TZ

Mkuu usijisumbue, chukua sabufa mpya dukani zipo za wati 12,000 na Bluetooth juu, rimoti na mataa. Hizo za mjomba weka stoo.

Fundi_wa_Makorora

Mtoto wa Ngamiani, marahaba. Usiuze kitu bado na usinunue kitu.

Kwa ulivyoeleza mie nakwambia angalia waya kwanza. Spika ina vichwa viwili nyuma, chekundu na cheusi, na amplifaya hivyohivyo. Chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi, spika zote mbili. Aliyekufungia nina imani kubwa spika moja kaigeuza. Spika moja ikiwa kinyume, wakati wufa ya kulia inasukuma hewa mbele ya kushoto inavuta nyuma, hewa ileile, kwa hiyo zinauana. Zinauana zaidi kwenye besi maana mawimbi yake ni marefu, na pale katikati ulipokaa wewe ndo panaathirika kuliko kote. Ukisogea pembeni au ukitoka chumbani zile mbili hazikufikii kwa umbali mmoja tena, ndo maana besi umekutana nayo uani. Na hiyo ya mwimbaji kukosa makazi ni dalili ileile moja. Alafu zingatia nyimbo za bendi zetu za enzi zile nyingi ni mono, yani spika zote zinatoa kitu kilekile, sasa vitu viwili sawasawa vikiwa kinyume unafikiri kitabaki nini?

Usiamini rangi ya waya nyuma ya makochi, watu wanaunga waya njiani rangi zinabadilika. Pima. Zima amplifaya, chomoa waya zote kwenye amplifaya, uwe na ncha mbili tu za waya unaokwenda spika ya kulia. Chukua betri ndogo ya saa ya ukutani, ile ya volti moja na nusu, mwenzio ashike tochi aangalie wufa (toa kile kitambaa cha mbele). Gusisha ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye hasi, gusa tu uachie, usishikilie. Wufa itafanya "tup". Ikitokeza mbele, ule waya uliogusa chanya ndo chanya ya spika, utie alama kwa tepu. Ikirudi ndani ni kinyume chake. Fanya na ya kushoto vilevile, halafu zenye alama zote mbili zipeleke kwenye vichwa vyekundu vya amplifaya.

Na kabla hujasahau, geuza amplifaya uangalie kibandiko cha nyuma. Kama mjomba kaileta kutoka Japani itakuwa imeandikwa volti 100, huko kwao ndo umeme wao. Hapa kwetu ni 230. Ikiwa ndivyo lazima iwe inapita kwenye transfoma ya kushusha, siku mtu akiichomoa kwenye transfoma akaichomeka ukutani moja kwa moja, unaunguza kitu ambacho hukipati tena.

Kipanga ndugu yangu, hizo wati 12,000 ni za kwenye boksi. Wanaita PMPO, hakuna kipimo kimoja kinachojulikana cha namba hiyo, kila mtu anaandika anavyotaka. Geuza hiyo sabufa usome nyuma inakula umeme wati ngapi, utakuta 60 au 80. Kitu kinachokula wati 80 hakiwezi kutoa elfu 12. Ukinunua tafuta neno RMS, yani nguvu inayoweza kutoa mfululizo, hiyo ndo namba ya kweli.

Kijana_wa_Chuda

Fundi kamaliza upande wa waya. Mie narekodi vijana nyumbani, vyote viwili navitumia kila siku, acha niongezee kwanini vinasikika tofauti hata vikifungwa sawa, maana watu wanabishana kipi bora bila kujua vinafanya kazi mbili tofauti.

Ukisikiliza spika, sikio lako la kulia linasikia spika ya kulia LAKINI na ya kushoto pia, imechelewa kidogo sana, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na imepungua ukali kwa sababu kichwa chako kiko katikati kinaizuia. Ubongo unachukua hizo tofauti ndogo unajua huyu yuko kushoto, huyu kati, huyu nyuma kidogo. Ndivyo tunavyosikia kila kitu duniani toka tumezaliwa. Stereo yenyewe, yani sauti ya pande mbili, imejengwa juu ya hilo, yule mhandisi Muingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliyeandikisha hati ya uvumbuzi wake mwaka 1931 alikuwa anafikiria spika mbili zilizokaa mbele ya mtu, hedifoni za stereo za watu wa kawaida zimekuja na John Koss kule Marekani mwaka 1958, tofauti ya miaka mingi hiyo.

Sasa hedifoni inakata yale mawasiliano. Cha kulia kinaingia kulia tu, cha kushoto kushoto tu, hakuna kichwa cha kuzuia, hakuna ukuta wa kurudisha. Kwa hiyo mziki unakaa NDANI ya kichwa, mwimbaji yuko katikati ya paji la uso, magitaa yako kwenye masikio. Nyimbo nyingine za stereo za miaka ya 60 walikuwa wanatupa sauti ya mtu upande mmoja wote na vyombo upande wa pili, kwenye spika inapendeza tu, kwenye hedifoni unataka uvue baada ya dakika mbili.

Lakini kwenye undani hedifoni inashinda, tusidanganyane. Hakuna chumba kinachoingilia. Kama kuna kelele ya waya au mtu kagusa maiki naikuta kwenye hedifoni sio kwenye spika. Ila nikishaisafisha kazi, kuamua besi iwe kiasi gani na sauti ya mwimbaji ikae mbele kiasi gani naamua kwenye spika, kwasababu nikiamua kwenye hedifoni nikienda kuisikiliza kwenye redio ya mtu inakuwa imepotea kabisa.

Kwa hiyo mtoto wa Ngamiani usitegemee spika zikupe ule undani wa hedifoni wa kusikia hata kiti kinacholia studio. Zitakupa kitu kingine.

Bint_Pangani

Nakuunga mkono kwenye hilo la "kitu kingine" na mie nataka nilisemee hasa, maana nyie wanaume mnazungumza waya na volti mnasahau mziki ni wa nini.

Taarabu sio ya kusikiliza peke yako umejifungia. Mie nimekulia nyumba ya bibi, nyimbo za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star zinapigwa kuanzia alasiri, na watu wako kibarazani, mmoja anasuka ukili, mmoja anachambua mchele, ubeti ukipita wa maana mtu anaitikia "eeh!" na mwingine anauliza huyu kasemwa nani. Shakila akivuta ile sauti yake nyumba nzima inanyamaza kwa pamoja. Hiyo ndo taarabu yenyewe, ule mwitikio. Nikivaa iafoni nikasikiliza ubeti uleule nausikia vizuri sana, maneno yote yako wazi, lakini sina wa kumtazama usoni. Ubeti wa mafumbo unataka mtu wa kumtazama usoni jamani.

Na kitu kingine, kwetu pwani mtu anapiga hodi mlangoni. Ukiwa na hedifoni husikii hodi, husikii adhana, husikii maziwa yanamwagika jikoni, mama mkwe anaita mara tatu unaonekana huna adabu. Spika mtu unaisikiliza na bado uko nyumbani. Adhana ikianza unanyoosha mkono unapunguza, ikiisha unarudisha.

Kaka, kama mkeo anapenda taarabu zipiganie hizo spika.

sahare_boi

Dada yangu Bint Pangani naheshimu sana ulichosema ila na mie nitetee upande wangu kwasababu naona hedifoni zinaonewa hapa.

Mie nimepanga chumba kimoja, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati. Kuta zimeishia kwenye mtambaa panya, juu ni bati tupu, sauti inapita juu kwa juu kutoka chumba hadi chumba. Jirani wa kushoto ana mtoto mchanga, wa kulia anatoka kazini kiwandani asubuhi analala mchana. Mie nikipiga spika hata ndogo nimewapigia wote, watake wasitake. Na wao wana haki yao, mtu hajakuomba umchagulie mziki. Kwa mtu kama mie hedifoni ndo sebule yangu. Nikizivaa usiku ndo saa pekee nasikiliza albamu mwanzo hadi mwisho bila mtu kunisemesha, nyimbo inaisha nabaki kimya nasubiri inayofuata. Hiyo nayo ni heshima kwa mziki, tena kubwa.

Mwenye mada ana nyumba yake ni sawa. Lakini bati juu bila dari, ajue na majirani watashiriki.

Nesi_Raskazone

Naomba nipite na neno moja la afya, ni kazi yangu na nakutana nalo.

Hatari ya sikio ni mambo mawili kwa pamoja, ukali wa sauti na muda. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) mtu mzima anaweza kusikiliza mpaka saa 40 kwa wiki. Ukipanda kufika 90 muda unashuka mpaka saa 4 kwa wiki, tu. Watu wanaona 80 na 90 ni jirani, sio jirani hata kidogo, kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatika nusu. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilisema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wa miaka 12 mpaka 35 wako kwenye hatari ya kupunguza usikivu kwa sababu ya mziki wa sauti kubwa.

Kinachonisumbua kwenye iafoni ni hivi. Mtu kapanda bajaji au daladala, kelele za injini na upepo ziko juu, anaongeza sauti ili mziki uzizidi zile kelele, na hajui amefika wapi kwa sababu hakuna wa kumwambia punguza. Spika ikizidi mtu wa chumba cha pili anapiga kelele, iafoni ikizidi ni wewe na sikio lako. Sikio linaharibika bila kuuma. Zile seli ndogo za ndani zenye vinywele zikifa hazioti tena, hakuna dawa wala dripu. Dalili ni mlio wa "ngiiii" usiku ukiwa umelala, au unaanza kuomba watu warudie maneno hasa wanawake na watoto maana sauti zao ni nyembamba.

Kama unasikiliza nje kwenye kelele heri zile za kufunika sikio vizuri au zinazopunguza kelele za nje, kwa sababu hutalazimika kupandisha. Na simu nyingi siku hizi zinakuonyesha umesikiliza kwa kiwango gani wiki nzima, fungueni mtazame. Ila msidhani spika hazina madhara, sabufa ya kwenye sherehe mtoto kakaa mbele yake masaa matatu, nayo ni hivyohivyo.

mtoto_wa_Ngamiani

Wakuu nimerudi na mrejesho. Fundi wa Makorora Mungu akubariki wewe na kizazi chako.

Nimepima kwa betri ya saa kama ulivyoelekeza, mke wangu kashika tochi. Ya kulia imetokeza "tup" mbele, ya kushoto waya wenye rangi ileile imerudi ndani. Na kweli nyuma ya kochi waya umeungwa, kipande cheupe kimeungwa kwenye chekundu chenye mstari, hapo ndo mambo yalipogeuka. Nimeweka alama nikachomeka upya, nikawasha nyimbo ileile. Besi imeingia! Mke wangu kacheka kwa mshangao, mwimbaji katoka ukutani kaja kusimama katikati, juu kidogo ya tivii, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Nimemwonyesha kwa kidole nikamwambia yupo pale, akasema eeh yupo pale. Kwenye hedifoni hicho kitu sijawahi kukipata hata siku moja, mtu yuko MBELE yako.

Kibandiko cha nyuma kimeandikwa 220-240 kwa hiyo kwa hilo tupo salama.

Sasa limekuja lingine. Besi ipo lakini noti nyingine zinavuma kupita kiasi, gitaa la besi likishuka kuna noti moja inakuwa kubwa "vuuum" inakaa, zingine kawaida. Kwenye hedifoni noti zote ziko sawa. Kabati la tivii liko kwenye kona upande wa kushoto, na kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Hicho nacho ni waya au?

Kijana_wa_Chuda

Hongera sana! Hapana hiyo sasa ni chumba, spika hazina kosa.

Tazama, sauti inakwenda karibu mita 345 kwa sekunde kwa joto letu hili. Besi ya hertz 50, yani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa kama mita 7. Chumba chako ni mita tatu na nusu, yani nusu ya wimbi kamili kabisa. Wimbi likienda likagonga ukuta likarudi linakutana na mwenzake, kwenye namba hiyo linajijenga juu ya lenyewe, ndo hiyo "vuuum" yako. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi uko kwenye hertz 41, sasa fikiria noti tatu nne juu ya hapo ndo zinaangukia kwenye kipimo cha chumba chako. Hedifoni haina hicho kitu kwa sababu haina chumba.

Wimbi la namna hiyo linakuwa na nguvu kubwa kwenye kuta, na wewe umekaa ukutani na spika moja umeitia kwenye kona. Kona inaongeza besi kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo vuta kochi mbele, hata nusu mita, utashangaa. Spika zitoe kwenye kabati la tivii, pengine ulipoziweka zimekaribiana mno na stereo inakufa. Ziachane mita mbili hivi kama ukuta unaruhusu, na wewe ukae umbali huohuo au zaidi kidogo, iwe pembetatu. Twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, sio kwenye magoti. Stendi kaagize kwa seremala, mbao nzito tu, au tofali mbili tatu za saruji chini na kitambaa juu zinafaa kabisa. Nyuma ya spika kama kuna tundu usilibane na ukuta.

Na sakafu tupu ya saruji inarudisha sauti nyembamba zote, ukipiga kofi chumbani unasikia "tra-ra-ra". Tandika zulia au hata mkeka mkubwa wa ukili na jamvi chini yake, na pazia zito dirishani. Hivyo haviondoi besi, besi haijali pazia, ila vinatuliza sauti za juu mwimbaji anakuwa laini.

Bint_Pangani

Nimefurahi mpaka nimemsomea shoga yangu hapa. "Eeh yupo pale" 😂 Sasa mpigie mkeo Black Star, besi yao ile na gitaa, uone kama hajainuka.

sahare_boi

Hongera mkuu. Swali langu kwa fundi, mie nikihama siku nikapata nyumba, niko na sabufa ya kawaida tu, boksi moja la besi na vispika viwili vidogo. Hii inaweza kunipa hicho alichopata mwenzetu cha mtu kusimama katikati? Au ni mpaka niwe na amplifaya na spika kubwa?

Na mwenye mada usiziuze hedifoni lakini, usiku utazihitaji.

mtoto_wa_Ngamiani

Siuzi kaka. Jana usiku saa tano nilikuwa nazo kichwani kama kawaida, nyumba ya jirani wote wamelala na bati ndo hilo. Ila jioni ya kuanzia saa kumi na moja ni spika, tushakubaliana humu ndani.

Kochi nimelivuta mbele kama nusu mita, ile "vuuum" imepungua sana haijaisha yote. Kesho naenda kwa seremala wa stendi.

Fundi_wa_Makorora

Sahare, inawezekana. Tatizo la sabufa nyingi sio kifaa, ni watu wanavipanga vile vispika vidogo juu ya boksi lenyewe au kuvibana huku na huku mwa tivii, umbali wa mkono mmoja. Hapo stereo itoke wapi. Vichukue viwili vitenganishe mita mbili, vipandishe usawa wa masikio, waya ukiwa mfupi ongeza, waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 unaotumika kwenye taa unatosha kabisa kwa sebule, na ukiunga kaza vizuri utie tepu, na angalia chanya na hasi zisigeuke kama zilivyogeuka kwa mwenzio. Boksi la besi liweke mbele hukohuko lakini sio konani, na ile kitufe cha besi usiipeleke mpaka mwisho, ipandishe mpaka uisikie ndipo uirudishe nyuma kidogo. Besi ikikaa sawa huwezi kusema inatokea kwenye boksi gani.

Mtoto wa Ngamiani, kwa kuwa spika zako ni za zamani kuna jambo moja la kuangalia hii wiki. Ule mduara wa nje wa wufa, unaoshika karatasi kwenye fremu, ni raba au ni sponji? Gusa taratibu kwa kidole. Raba inanesa inarudi. Sponji kwa unyevu na joto la huku pwani inakuwa inanata au inamomonyoka kama majivu, na ukiendelea kuipiga kwa nguvu koili ya ndani inakwenda upande inakwaruza sumaku, hapo ndo gharama inakuwa kubwa. Ikiwa sponji imechoka usipige kwa sauti, niletee hapa Makorora au peleka kwa fundi yeyote wa spika unayemwamini, mduara tu ndo unaobadilishwa, wufa yenyewe unabaki nayo. Na vichwa vya nyuma vya kuchomekea waya vikiwa na ukijani ni chumvi ya bahari hiyo, vikwangue na msasa laini ukiwa umezima umeme, kaza upya.